Karavani iliyoogeshwa ziwani yamkimbiza fundi hadi Kiabakari

"Nyamazeni kidogo, jamani!"

Ni saa mbili asubuhi mtaani Bweri, Manispaa ya Musoma. Redio inazimwa, muuza sambusa naye anameza bei aliyokuwa anataka kuitaja. Felisian Mugeta amechuchumaa kando ya karavani nyeupe, kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, iliyonyanyuliwa kwa jeki. Mkono mmoja unazungusha gurudumu, mwingine ameuweka juu ya springi, na macho ameyafumba.

"Halikwaruzi," anasema. Analishika tairi juu na chini, analitikisa kwa nguvu. Halichezi. Hapo ndipo watu wanaruhusiwa kuongea tena.

Felisian, mwenye umri wa miaka 52, ni fundi wa beringi, vile vyuma vya mviringo vinavyokaa katikati ya gurudumu ili lizunguke bila kusaga ekseli. Anahudumia matela ya maji, ya matofali na ya mitumbwi. Kwa kufungua, kuosha na kupaka grisi magurudumu mawili hupata shilingi elfu ishirini na tano, na zipo siku anashinda akifukuza nzi.

"Mtu atanunua rangi mpya, taa mpya, muziki mzito," anasema. "Beringi haionekani, basi anaisahauga. Anaikumbuka siku gurudumu lake linampita barabarani."

Alizaliwa Kibara, wilayani Bunda, katika ukoo wa wavuvi. Baba yake alitaka arithi nyavu, lakini mwana hakuweza. "Ziwani nilikuwaga natapika mpaka samaki wanatuhurumia," anasema huku akicheka. Akakimbilia gereji ya malori mjini Bunda, na huko akajifunzia kazi.

Karavani hii ni ya Jenoveva Makongoro, fundi cherehani wa Kigera. Waliileta watalii miaka mingi iliyopita, wakaiuza, ikabaki uani kwa mtu huko Bunda kuku wakitagia ndani. Jenoveva aliinunua ikiwa imechakaa, akaweka cherehani mbili na kioo, ili azunguke nayo kwenye minada akishona palepale wateja walipo. Akiba yake yote imo humo.

Felisian alipoifungua kwa mara ya kwanza, alikuta kutu upande mmoja wa kila beringi, kwa sababu ya kusimama miaka bila kuzunguka. Akabadilisha zote, akaweka sili mpya, ule mpira unaozuia maji na vumbi, akajaza grisi. Akamwambia Jenoveva kwamba chombo kiko tayari, na jina lake akaliweka rehani kwa neno hilo.

Kisha ikaja Jumatatu moja ya mwezi uliopita.

Felisian alikuwa anakunywa chai nyumbani. Mkewe, Dorah, akasema kwa furaha tu, "Karavani ya Jenoveva inang'aa, wewe! Jana wametoka nayo Butiama kwa padri kuibariki, wakapitiliza moja kwa moja mpaka ziwani. Waliiogesha, maji mpaka katikati ya matairi."

Chai ikamwagika. "Moja kwa moja? Haikupumzika?"

Hapa Musoma ziwa ndilo beseni letu. Tunaogesha pikipiki, ng'ombe, masufuria na hata watoto wasiotaka. Nani angedhani ni kosa? Lakini Felisian aliujua ubaya wake. Gurudumu likitoka safari ndefu, kitovu chake, pale beringi zinapokaa, huwa cha moto. Kikitumbukizwa kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa ghafla na kuyafyonza maji kupitia kwenye sili, hata ikiwa mpya.

"Chukua chupa tupu yenye joto, ifunike vibaya, itumbukize majini," anaeleza. "Itakunywa tu. Na beringi ikinywa maji, grisi inakufa."

Akampigia simu Jenoveva. Haipatikani. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mnadani Bunda, karavani ikivutwa na pikapu ya kaka yake, Samweli. Felisian akatia spana, grisi na beringi za akiba kwenye mfuko, akapanda bodaboda, roho juu.

"Njia nzima nilikuwa natazama mitaroni," anasema, na sauti inamshuka. "Naona watoto wa shule wanatembea pembeni ya lami, nasema Mungu wangu, gurudumu lile likichomoka halichagui mtu. Niliogopa sana. Sikufichi, nililia kwenye bodaboda."

Alipofika Makutano, Jenoveva hayupo. Walipokaribia Kiabakari akaiona karavani, nyeupe, imesimama pembeni. Ina magurudumu yake yote mawili. Mbele ya tairi la kulia pamewekwa jiwe, na juu ya jiwe amekaa Jenoveva, amenuna.

Felisian alishuka, akamkimbilia. "Umejuaje?"

"Si wewe ulinifundisha, fundi?" akajibu Jenoveva. "Ulisema kila nikisimama nigusishe kitovu cha gurudumu mgongo wa kiganja. Nimegusa la kushoto, vuguvugu. Hili la kulia, wee! Nusu liniunguze. Huyu kaka yangu ananiambia Bunda si hapo tu, twende. Nikamwambia labda apite juu yangu."

Samweli, ambaye ni mkubwa kwake kwa miaka saba, alikuwa anachunguza mawingu.

Felisian anasema alicheka mpaka bodaboda akadhani amechanganyikiwa. Mzigo wote ulimtoka kifuani. Alifungua gurudumu papo hapo, akakuta grisi imekuwa nyeupe kama uji wa maziwa na beringi imeanza kubadilika rangi kwa joto. Akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akakausha, akafunga mpya kulia na kushoto. Jenoveva aliingia Bunda mchana, mnada ukiwa bado umechangamka, akashona mpaka jioni.

Tangu hapo karavani huja Bweri kukaguliwa kabla ya kila safari, na huoshwa kwa ndoo.

Safari ya kesho ni ya Kibara. Huko matela ya mitumbwi huzamishwa ziwani kila siku, na hakuna fundi wa kuyafungua. Felisian amekwisha zungumza na Jenoveva: watakuwa wanakwenda pamoja, mama huyo akishona ndani, yeye akitandika turubai lake nje. Akipata wateja wa kutosha, anataka kufungua karakana ya kudumu kijijini kwao.

"Nilikimbia ziwa, sasa narudi kulisubiri ufukweni," anasema.

Dorah, anayefunga chakula cha safari, hana kinyongo. "Aende tu," anasema. "Bora awe ndani ya hiyo karavani kuliko kuifukuza kwa bodaboda huku analia."