Siku za Mbalamwezi

Watoto wa mtaa wa Bangwe, kando ya ziwa, hufurahia mbalamwezi, lakini Catherine, mwanika dagaa, huichukia. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi hulala ufukweni, na mumewe Elikana, mvuvi, hushindia vile vichupa vya pombe kali vinavyouzwa kila duka kama peremende. Safari hii Catherine aliwahi. Alizunguka na jirani yake, Mama Bariki, wakiwasihi wenye maduka wasimuuzie. Wote wanne walikubali.

Leo asubuhi kamkuta Elikana kalewa chakari, kaegemea dirisha la nyumba ya Mama Bariki. Vichupa vya kuuza vimepangwa humo, kando ya sabuni.

“Hata wewe, Mama Bariki?”

“Na mimi si naanika dagaa kama wewe? Mbalamwezi yote hii nile nini?”

Catherine aligeuka kutazama uani kwake. Chanja zake mwenyewe za kuanikia zilikuwa tupu tangu Jumapili.