Nesi mzima, kijiko nimesahau

Leo nimeaibika mbele ya watoto, halafu nikapigwa na butwaa.

Hawa ni watoto waliokimbia vita Kongo. Kikundi chetu cha kujitolea kinawasomesha hapa Lushoto. Nilikuja kuwafundisha kutengeneza maji ya chumvi na sukari, ya mtoto anayeharisha.

Kijiko cha kupimia? Nimekiacha nyumbani!

Neema, miaka kumi na moja, akasimama.
"Shikamoo, dada. Tumia vidole."

Akachota sukari kwa kiganja, akachukua chumvi kwa ncha za vidole, akakoroga kwenye maji, akaonja.
"Chumvi isizidi ya machozi."

Jamani, ndicho kipimo chenyewe!

"Nani alikufundisha?"

"Mama ndiye alinifundisha, tulipokuwa tunakimbia vita." Akamshika mdogo wake bega. "Huyu alikuwa anaharisha."

Mdogo mtu anatafuna peasi, mashavu yamejaa.

Somo nikamwachia Neema aendelee. Semeni nyie.