Nyama ya Nicanor

Nicanor wa Awendo, dereva wa trekta la kuvuta miwa, aliamini kwamba kitoweo cha mwanamume sharti kiwe na miguu. Kwa hiyo senene, wale panzi wa kijani wanaokuja na mvua, walikuwa nyama. Uyoga ambao mkewe Lynnet aliuotesha kwenye makapi ya miwa nyuma ya nyumba haukuwa kitu.

"Panzi anaruka, ana macho, anakuona ukija," aliwaeleza majirani. "Obuolo, huo uyoga, umekaa tu gizani. Hata haujui ni Jumatatu."

Lynnet aliuza uyoga wake sokoni, na siku nyama ilipokosekana aliupika kwa karanga. Nicanor alikula ugali na sukuma wiki, akiutazama ule mchuzi kwa huruma.

Mvua ziliponyesha, kaka yake Lynnet, Chrispine, akaja kuwatembelea kutoka Mbita. Nicanor akaona hakimu amepatikana. Akaagiza sahani mbili ziwekwe mezani: moja ya senene wa kukaanga, nyingine ya uyoga.

"Shemeji, onja zote mbili, useme ukweli," alisema. Kisha akaingiwa na hofu kwamba ukweli huenda ukamgeuka, akaanza kula senene yeye mwenyewe, kwa mikono miwili. Chrispine alipomaliza kunawa, sahani ilikuwa nyeupe.

Mara midomo ya Nicanor ikavimba. Macho yakafuata. Pumzi ikaanza kupiga filimbi.

"Baba Pamela!" Lynnet akapiga kelele. Chrispine akambeba mgongoni hadi barabarani, wakapata bodaboda, wakamfikisha zahanati akiwa hawezi hata kujitetea. Akadungwa sindano, akapumua.

"Mwili wako unakataa panzi," daktari akamwambia. "Usiwaguse tena."

"Sasa mimi nitakula nyama gani?"

"Nyumbani mna nini?"

Lynnet akawahi kujibu. "Uyoga."

Siku za kwanza Nicanor aliula kama mtu anayemeza dawa. Baadaye akaanza kuomba aongezewe. Kisha asubuhi moja akasikia redioni kwamba uyoga si mmea. Kwamba kwa ukoo uko karibu zaidi na wanyama kuliko mboga, na kwamba kile kinachofanya gamba la panzi liwe gumu kimo pia ndani ya uyoga.

"Si nimekuwa nikisema!" Nicanor aliruka kitini. "Obuolo ni nyama! Lakini watu wa hapa hawasikii."

Kina mama wa kanisa walipokuja kujifunza kilimo cha uyoga, aliyesimama kufundisha ni Nicanor. Aliwaeleza uyoga unavyopumua, unavyopenda utulivu, na jinsi alivyouamini tangu mwanzo wakati wengine wakiudharau. Lynnet akamwacha amalize. Kisha akamkabidhi ndoo mbili.

"Mwalimu, sasa waonyeshe uyoga unavyonyweshwa. Kisima unakijua."

Kina mama wakapiga makofi. Nicanor akatazama ndoo, akatazama wanafunzi wake, akashika njia ya kisimani.