Makofi Atafuta Ukumbi wa Harusi Yake

Saa tatu asubuhi, mwanamume mwenye mzingo wa waya begani amesimama katikati ya ukumbi mtupu. Msimamizi amekwisha kumweleza habari za feni, vyoo na maegesho ya magari, na sasa anangoja jibu. Mwanamume anainua mikono, anagonganisha viganja mara moja, pa! Kisha anainamisha kichwa na kusikiliza.

Sauti inakwenda hadi ukuta wa mbali, inagonga dari, inarudi.

"Asante, ndugu yangu," anasema. "Haufai."

Msimamizi anamgeukia mwanamke aliyesimama mlangoni, labda huyo atakuwa na akili zaidi. Mwanamke ana tepu ya kupimia nguo shingoni. Ametoka kazini mbio na hakukumbuka kuivua. Anamwomba msimamizi radhi kwa usumbufu, anatangulia nje. Mwanamume anamfuata.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza mwandishi wa makala haya kufuatana na wachumba hao. Wao walikuwa wamezunguka muda mrefu kabla ya hapo.

Mwanamume ni fundi wa spika. Hufunga vyombo vya sauti kwenye harusi, mahafali, mikutano na misiba. Mafundi wenzake wanamwita Makofi, kwa sababu haingii ukumbi bila kupiga kofi lake moja. Anasema kofi humwambia mwangwi unatokea wapi, na spika zikae vipi. Msimu ukiwa mzuri ana kazi kila Jumamosi, na harusi moja humlisha kwa wiki nzima. Msimu ukiwa mbaya hutengeneza redio na pasi za majirani.

Amefanya kazi katika karibu kila ukumbi wa mji. Ungedhani mtu kama huyo angepata ukumbi kabla hata ya kupata mchumba. Wapi!

Ukumbi wa kwanza aliukataa kwa sababu ya vigae. Aliuita bafu lenye jukwaa. Wa pili ulikuwa na bati tupu juu, bila dari. Wa tatu ulikuwa mzuri, mchumba wake aliupenda, hata rangi za mapambo alikuwa amekwisha kuzichagua kichwani. Makofi akapiga kofi, akatikisa kichwa. Wasimamizi walimweleza kwamba ukumbi mtupu ndivyo ulivyo, watu wakijaa mwangwi hupungua. Analijua hilo kuliko wao. Aliwajibu kwa adabu na kuondoka.

"Nilimuuliza, tunafunga ndoa au tunarekodi nyimbo?" anasema mchumba wake. "Akanyamaza. Yeye akinyamaza, hata umpige na nyundo."

Mchumba ni fundi cherehani. Ana chumba chake cha kazi nyuma ya mtaa wa maduka, na anachoshona zaidi ni nguo za harusi. Magauni ya watu yametoka mikononi mwake hadi amepoteza hesabu, na kila bibi harusi anayekuja kupimwa humuuliza: na wewe, lini? Mwanzoni alikuwa akicheka. Siku hizi huweka pini mdomoni, ili asijibu.

Aliyechoka kuliko wote alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni. Mama huyu si mtu wa kumung'unya maneno. Aliitisha kikao cha familia, akamketisha Makofi mbele ya watu, akamwambia kwamba mwanamume anayetaka kuoa huoa hata chini ya ngazi, na kwamba mtoto wa watu anazungushwa. Mwezi ukiisha bila ukumbi, kila mtu ashike njia yake.

Makofi aliinamisha kichwa, akasema amesikia. Hakusema sababu. Alipotoka nje mchumba wake alimsubiri kwenye kona amwambie, hata yeye peke yake. Akampita na kwenda kupakia spika.

Sababu hiyo alimweleza mwandishi baadaye, akiwa amekaa juu ya kasha la vyombo vyake. Inahusu baba yake.

Mzee alifanya kazi kwenye mtambo wa kusaga mawe ya kokoto tangu ujana wake hadi alipostaafu. Mtambo ulimlipa mshahara, ukachukua masikio. Lakini nyumbani kwao neno kiziwi halitamkwi. Mzee asipojibu, husemwa: leo yuko mbali kidogo. Mgeni akimsalimia bila kuitikiwa, mama hudakia haraka kwamba mzee ana mawazo. Watoto wamekulia humo, na wao wamekuwa hodari wa kufunika. Hospitali walimpa kifaa cha sikio. Kikamletea kelele za vijiko, milango na kuku wa jirani, na maneno yakabaki palepale. Kifaa kiko kwenye droo.

Kaka mkubwa wa Makofi alipooa, kazi ya spika aliifanya Makofi mwenyewe. Alifunga spika kila kona ya ukumbi, akijua baba anahitaji sauti. Ulipofika wakati wa neno la mzazi, mshereheshaji akamwita mzee. Mzee akabaki ameketi, akitabasamu. Akaitwa tena. Makofi akaongeza sauti. Akaitwa mara ya tatu, Makofi akaongeza tena, hadi spika zikapiga mluzi na watu wakaziba masikio. Mzee akawa anageuza kichwa kushoto na kulia. Mtu mmoja wa meza za nyuma akasema huenda mzee anaota mahari, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee naye akacheka. Mshereheshaji akamwita mtu mwingine.

"Sijawahi kuona aibu kama ile," anasema Makofi. "Na aliyeshika mashine ni mimi."

Tangu hapo hakuna aliyelizungumza nyumbani, wala kaka, wala mama, wala mzee mwenyewe. Makofi alifanya ambacho angefanya fundi yeyote wa spika: alitafuta spika kubwa zaidi. Alinunua mbili za mitumba, akazifunga sebuleni na kumjaribia baba yake. Mzee alivumilia kidogo, akachukua fimbo yake, akaenda kukaa uani. Makofi akahitimisha kwamba kosa ni la sebule. Ndipo ilipoanza safari ya kumbi.

Mchumba wake hakujua lolote kati ya hayo. Alichojua ni kwamba amekwenda kwa wakwe mara mbili, akasalimia kwa heshima zote, na baba mkwe hakumwitikia. Mara ya pili alimuuliza kama chai imepoa, mzee akajibu kwamba watoto wote hawajambo. Alirudi kwake akiwa amevunjika moyo. Aliamini mzee hamtaki, na kwamba kumbi zinazokataliwa kila wiki ni njia ya kijana kumfikishia ujumbe huo kwa upole. Alikuwa amekwisha kuanza kujizoeza kuishi bila yeye, anasema, na anayasema hayo akipiga mstari wa chaki kwenye kitambaa bila kuinua macho.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya suti. Harusi iwepo isiwepo, mama yake Makofi alishikilia kwamba mzee anahitaji suti, na kwamba ni aibu kumpeleka kwa fundi mwingine wakati mkwe ni fundi. Makofi akamshusha baba yake mlangoni mwa chumba cha kushonea, akasema atarudi, akaenda kushughulikia kazi yake. Tuseme ukweli, alikimbia.

Chumba hicho kina dari ya chini ya mbao. Majora ya vitambaa yamepangwa kutoka sakafuni hadi juu, kuta tatu nzima. Ukuta wa nne una nguo zilizotundikwa, magauni mazito na makoti, mbanano. Chini kuna zulia kuukuu lililojaa mabaki ya vitambaa. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hata cherehani zilikuwa kimya.

Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa, maana mtu hamsemeshi baba mkwe na pini mdomoni, akasimama mbele yake, akamuuliza kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ni ndogo, kama anapenda suruali ipwaye au imbane.

"Ipwaye," akajibu mzee. "Mimi si kijana wa kubanwa."

Akamuuliza kuhusu mifuko. Mzee akajibu mifuko. Akamuuliza kuhusu vifungo. Mzee akajibu vifungo, kisha akazungusha macho chumbani, kwenye majora, kwenye dari, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na hajui ni nani aliyeita. Akamwambia, "Mwanangu, sema tena."

"Niseme nini, baba?"

"Chochote."

Walikaa humo hadi vipimo vyote vikawa vimekwisha kuandikwa na hakuna aliyesimama kuondoka. Mzee alimweleza kwamba sauti huzisikia, yanayopotea ni maneno. Watu wakipaza, maneno hugongana na kuwa uji. Alimwambia zile salamu zake mbili aliziona midomoni, akaona haya kuuliza amesema nini. Akamwambia pia, bila kuulizwa, habari za harusi ya mwanawe mkubwa.

"Niliona wanacheka, nikacheka nao," alisema mzee. "Sikujua kwamba kinachochekwa ni mimi. Nilikuja kujua njiani, kwa jinsi mama yao alivyonishika mkono."

Makofi alikuwa amerudi. Alikuwa nje ya mlango, mkono kwenye kitasa, na alisikia kila kitu. Anakiri kwamba alishindwa kuingia. Alisimama pale machozi yakimtoka, wapita njia wakimtazama, hadi mchumba wake alipofungua mlango kutafuta mwanga na kumkuta.

"Kumbe ndiyo hiyo," mchumba alimwambia. "Miezi yote hii. Ungeniambia ungekufa?"

Makofi aliingia, akasimama katikati ya chumba, akainua mikono, pa! Hakuna kilichorudi. Kofi lilizama kwenye vitambaa na kwisha. Fundi aliyezunguka mji mzima na kofi lake hakuwahi hata siku moja kulipiga hapo, ingawa alikuwa akija karibu kila jioni kumsindikiza mchumba wake nyumbani. Hapo palikuwa mahali pa cherehani, na yeye alikuwa akitafuta mahali pa spika.

Familia ziliposikia kwamba ndoa itafungwa kwenye chumba cha kushonea, zilipokea habari hizo jinsi ambavyo familia hupokea habari za aina hiyo. Shangazi aliuliza wageni watakaa wapi, juu ya cherehani? Mafundi wa spika nao walivunjika mbavu: mwenzao anaoa kimyakimya utafikiri kaiba mke. Chumba kikiondolewa meza kinachukua watu wa karibu tu, na orodha ya watu wa karibu imekwisha kuzua manung'uniko ya kutosha. Walioachwa, kaka wa Makofi na mkewe wakiwamo, watapata sherehe yao uwanjani, nje, na spika za fundi mwingine.

Aliyemnyamazisha shangazi ni bibi harusi mwenyewe. Alimwambia kwamba humo ndani amewavisha mabinti wa watu miaka yote, na hataki kuolewa mahali ambapo baba mkwe atafanywa kichekesho mara ya pili. Shangazi alikaa kimya, jambo ambalo familia nzima bado inalizungumza. Kisha akauliza kiti chake kitakaa upande gani.

Jumapili alasiri wamekutana humo kufanya majaribio. Meza zimesukumwa nje na cherehani zimezimwa. Mzee amekaa mwisho wa chumba, amevaa koti jipya na suruali ambayo bado ina alama za chaki. Makofi amesimama upande wa pili, mlangoni. Mikono yake inainuka yenyewe, kwa mazoea, anaishusha na kuitia mifukoni.

"Baba," anasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "tunakuomba utupe neno."

Mama anamwangalia mzee mdomoni. Shangazi ameinamia viatu vyake.

"Nitoe sasa hivi," anauliza mzee, "au mtangoja suruali yangu ipate pindo?"

Shangazi ndiye anayeanza kucheka, wanafuata wengine, na mzee anacheka nao, akitazama uso mmoja baada ya mwingine. Makofi hacheki. Ametazama nje, kwenye duka la mkabala, na anafuta uso kwa mkono wa shati.

Watu wanapoanza kutoka, mwandishi anamwendea mzee na kumuuliza kama anajua atakachosema siku hiyo. Mzee anasema atawaambia maharusi neno lao. Lakini kabla ya hapo ana kiporo.

"Siku ile ya mwanangu mkubwa nilikuwa nimejiandaa," anasema. "Neno lake bado ninalo. Sikulitoa kwa mtu."

Makofi amesikia. Anatoka nje, anarudi na viti viwili, anavibeba hadi mbele kabisa, karibu na pale atakapokaa baba yake, anavigeuza vimtazame. Shangazi anamkumbusha kwamba orodha imejaa.

"Hivi ni vya kaka na mkewe," anamjibu. "Mtoe yeyote, hata mimi nitasimama."