Habari ya Kusimama

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu pale Mbulu mjini, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka kana kwamba bado nimesimama mlangoni pale. Ningeweza kukuficha. Wengi waliohusika wameshatangulia, na waliobaki ni waungwana, hawanitajii. Lakini jana nilikuona umepokea kitu kwenye simu yako, na kabla hujafika mwisho wa kukisoma ulikuwa umeshakituma kwa ukoo mzima. Nikajiona mimi. Basi weka hiyo simu kando kidogo, nikuambie.

Siku hizo nilikuwa msichana mwenye haraka. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, watu wanabishana kwa nini makao makuu yawe Babati na si kwetu. Biashara zilikuwa zimefunguliwa na kila mtu anajaribu lake. Huyu kaleta mitumba, yule kafungua duka la dawa za mifugo. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Arusha na cheti cha kompyuta. Nikapanga chumba kando ya barabara, nikaweka kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, nikaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: INTANETI. Wateja wangu walikuwa walimu, wanafunzi wanaotafuta matokeo, na mafundi wa minara ya simu. Intaneti yenyewe ilikuwa ya kukokota. Unafungua ukurasa, unakwenda kubandika chai, unarudi, picha imeshuka nusu.

Fundi mmoja wa minara alinionea huruma. "Dada, unahangaika bure," akasema. "Ya nini kuzunguka kurasa zote kila siku kutafuta kama kuna jipya? Jiunge na mlisho wa kila ukurasa unaoutaka, habari zikufuate zenyewe."

Akanionyesha alama ndogo ya rangi ya machungwa iliyokuwa kwenye kona za kurasa nyingi za habari. Unaibonyeza, basi, tangu hapo ukurasa ule ukiandika kitu, kichwa chake kinakuja kukaa mahali pamoja na vichwa vya kurasa nyingine. Ambavyo hujavifungua vinakuwa na herufi nzito, ulivyofungua vinafifia. Kwa intaneti yetu ile ilikuwa neema tupu, maana vichwa ni maandishi tu, vinashuka upesi, nawe unachagua viwili vitatu vya kufungua. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kukusimulia.

Sikuishia hapo. Kila nilipoona alama ya machungwa nilijiunga: mpira, siasa, wanamuziki, hata hali ya hewa ya nchi nisizojua ziko upande gani. Kila asubuhi nilikuta vichwa vimejaa mpaka chini. Ningevifungua saa ngapi? Nikaacha kusoma habari, nikawa nasoma vichwa tu, kisha natoka mlangoni kuvitangaza. Watu wakanibandika jina la Dada Habari. Nililipenda, mwanangu, usinicheke. Nilikuwa natembea kwa madaha hata nikienda kuteka maji.

Sasa ujue habari zilivyokuwa zikipokelewa nyumbani kwetu Endagikot. Mtu akifika na habari hasemi akiwa mlangoni. Anaamkia, anapewa kigoda, anapewa maziwa kwenye kibuyu, anakunywa, anapumua. Ndipo mwenye nyumba anamuuliza: umetoka wapi? Uliyonayo umeyaona mwenyewe au umeyasikia? Na ni ya lini? Aliyetamka kabla ya kukaa, wazee walisema ameleta habari ya kusimama, na hakuna aliyetoka nyumbani kwake kwa sababu ya habari ya kusimama. Mimi niliona ni desturi ya kupotezea watu muda. Nilikuwa na kompyuta bwana, kigoda cha nini?

Aliyenilea katika desturi hiyo alikuwa kaka wa babu yangu. Sisi Wairaqw mzee kama huyo tunamwita Aako, na mkewe tunamwita Ama. Ama ndiye aliyenifundisha kusuka nywele na kupanga kuni zisitoe moshi. Mwaka ule macho yake yalikuwa yameanza kufunga. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakitarudi, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa akipasuliwa mapema. Wataalamu wa macho walikuwa wanakuja kwa siku chache tu kisha wanaondoka. Aako akaamua kumuuza maksai wake mkubwa kwenye mnada wa Dongobesh ili Ama atibiwe wakiwa bado wapo. Mnada ulikuwa mara moja kwa mwezi. Hayo yote niliyajua. Ama mwenyewe alikuwa ameniambia, tena kwa furaha, kwamba ataona tena mistari ya shuka lake.

Asubuhi hiyo ya ukungu, siku moja kabla ya mnada, nilikuwa nimetoka tu kujiunga na mlisho wa ukurasa mmoja ulioandika habari za mifugo ya kanda yetu. Vichwa vikamiminika, vyote kwa herufi nzito. Katikati yake kimoja kikasema minada ya mifugo Mbulu imefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe. Na nilipoinua macho, nani anapita barabarani? Aako, kajitanda blanketi, anamswaga maksai wake, na nyuma yake wanaume wawili wa Endagikot na ng'ombe wao.

Nilitoka mbio mpaka mlangoni. Hata shikamoo sikutoa.

"Aako, rudini! Mnada umefungwa!"

Akasimama. Akanitazama kwa muda, nadhani alikuwa anasubiri salamu. "Marahaba," akasema, ingawa sikuwa nimemwamkia. "Habari hiyo ni ya lini?"

"Ya leo, Aako! Iko kwenye kompyuta."

"Hebu tuketi kidogo unieleze."

"Nina wateja, Aako. Mtatembea bure mpaka Dongobesh, halafu mkamatwe na mifugo yenu."

Wale wawili wakaanza kunong'ona kwamba hii ni habari ya kusimama, bora waendelee. Aako akawakatiza. "Huyu ndiye aliyesoma kwetu," akawaambia. "Hawezi kutudanganya." Akamgeuza maksai wake, nao wakageuza ng'ombe wao. Kwa ajili yangu aliiweka kando desturi aliyoishi nayo maisha yake yote, akarudi nyumbani, na mimi nikarudi ndani kwa wateja nikijisifu kwamba nimemwokoa.

Kesho yake alasiri malori yakaanza kurudi kutoka upande wa Dongobesh yamejaa ng'ombe. Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa mifugo ambaye alikuwa akija kwangu kutoa fotokopi za vibali vyake, akaingia akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwamkia, nikamuuliza anatoka wapi. "Mnadani," akasema. "Ng'ombe wazuri walikuwa wachache leo. Watu wa Endagikot mmesusa nini?"

Alipoondoka nikakifungua kile kichwa, kwa mara ya kwanza. Chini yake kulikuwa na tarehe. Ilikuwa habari ya mwaka uliopita, ya kufungwa kulikokwisha zamani. Mlisho, mwanangu, ukijiunga nao mara ya kwanza unakuletea na za nyuma, na zote zinakuja kwa herufi nzito kwa sababu wewe hujazifungua. Kompyuta haikunidanganya. Tarehe ilikuwepo pale, imekaa, inanisubiri niulize.

Hapo bado sijafika kwenye aibu yenyewe. Kukosea kunampata mtu yeyote. Aibu ni hii: Mzee Hamisi alikuwa bado hajaondoka mjini. Lori lake lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, na nafasi ilikuwemo. Ningevuka tu nikamwambia kuna maksai mzuri Endagikot, angekwenda kumtazama jioni hiyo hiyo. Wataalamu wa macho walikuwa bado wapo hospitali. Asubuhi ya jana yake niliweza kutoka mbio kutangaza uongo, jioni hiyo miguu ikakataa kwenda kutangaza ukweli. Niliona nitachekwa. Niliona watu watasema Dada Habari kaharibu. Nikakaa kwenye kiti changu, nikaufuta ule mlisho kwenye kompyuta, kana kwamba kwa kuufuta ng'ombe wangerudi barabarani. Nikalisikia lori la Mzee Hamisi likiwaka, likaondoka.

Wataalamu waliondoka kabla ya mnada mwingine. Waliporudi tena walimpima Ama, wakasema hakuna kilichobaki cha kuokoa.

Sikwenda Endagikot kwa muda mrefu. Kila nikitumiwa salamu nasingizia kazi. Mwishowe nilikwenda, kwa sababu nilikuwa silali vizuri na chakula hakipiti. Nilimkuta Ama amekaa karibu na moto, anachambua maharage kwa vidole. Niliposema shikamoo, akaitambua sauti. Akanyoosha mkono, akanipapasa uso, akacheka. "Umekonda," akasema. "Huko mjini hawali?"

Aako akanipa kigoda. Akanipa kibuyu cha maziwa, akasubiri ninywe. Kisha akaniuliza, taratibu, maswali yale yale niliyokuwa nayadharau. Umetoka wapi? Uliyonayo umeyaona mwenyewe au umeyasikia? Ni ya lini?

"Nimeyafanya mwenyewe, Aako," nikasema. "Ni ya siku ile ya mnada." Nikawaeleza yote, mpaka lori la Mzee Hamisi. Nililia, lakini nilieleza.

Aako alikichukua kibuyu mkononi mwangu, akakiweka chini. "Kukosea asubuhi ningekusamehe jioni," akasema. "Lakini ulijua jioni ya siku ile ya mnada, ukaninyima." Halafu akaondoka kwenda kufungua ndama. Hakunipigia kelele. Hajawahi kunipigia kelele hata siku moja, na mpaka leo natamani angenipigia.

Ama ndiye aliyebaki na mimi. Vidole vyake havikuacha kuchambua maharage. "Kumbe ni wewe," akasema. "Na mimi siku zote naisema vibaya serikali kwa kufunga mnada. Nimeionea." Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia. "Macho yangu umenikosesha, basi yako yawe yangu. Kila Jumapili baada ya kanisa uje unisomee habari. Ila ukae."

Nikawa naenda. Na hapo ndipo nilipojifunza kutumia kile kitu alichonionyesha fundi wa minara. Nilifuta milisho karibu yote. Nikabakiza michache ambayo Ama angeniuliza: mvua za kanda yetu, bei ya mazao na mifugo, mambo ya wilaya, na ukurasa mmoja wa habari za nchi ambao nilishaona ukikosea unajisahihisha. Kila asubuhi nilipitia vichwa kwa muda wa kikombe cha chai, nikaacha visivyotuhusu bila majuto, nikafungua vile vinavyotuhusu, nikasoma mpaka chini. Jambo zito nililitafuta na mahali pengine kabla ya kulibeba. Jumapili nikikaa kwenye kigoda na kuanza kusoma, Ama ananikatiza kabla ya sentensi ya pili: "Ya lini?" Namtajia tarehe. "Haya, endelea."

Tuliendelea hivyo miaka, mpaka asubuhi nyingine, na hiyo nayo ilikuwa ya ukungu. Nilikuwa nafungua duka nikamwona Aako amesimama mlangoni pangu, blanketi begani, peke yake, bila mnyama wa kuswaga. Nikamwamkia. Nikajua kwa kumtazama. Lakini sikumuuliza amesimama. Nilimletea kigoda, nikamtilia chai, nikasubiri anywe.

"Umetoka wapi, Aako?"

"Nyumbani."

"Ulilonalo umeliona mwenyewe?"

"Nimeliona mwenyewe."

"Ni la lini?"

"La alfajiri hii," akasema, na machozi yakamtoka. Kisha akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, mbele ya wateja waliokuwa wameshafika, akauacha pale. Ndivyo nilivyojua kwamba amenisamehe, na ndivyo nilivyojua kwamba Ama amekufa.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi simu yako. Fuata habari, tena zifuate kwa akili kuliko sisi: chagua chache unazozihitaji wewe na watu wako, zije kwako mahali pamoja, nawe usikimbizane na kila ukurasa mpaka siku iishe. Zile nyingi zilizobaki ziache zipite, hutapungukiwa. Lakini inayokuja kwako ikalishe kwanza. Ifungue, usiridhike na kichwa chake. Iulize imetoka wapi, nani aliona, na ni ya lini. Na siku ukikosea, kwa maana utakosea, usijifiche kwenye kiti kama mimi. Uliowapelekea uongo wapelekee ukweli siku ile ile, hata kama watakucheka, kwa sababu kuna mtu mmoja kati yao ambaye bado ana muda mpaka jioni.

Mungu akupe macho yaone tarehe kabla ya maneno. Akupe miguu miepesi jioni kuliko asubuhi. Wanaokuamini asikufanye uwageuze njiani. Na mlango wako usikose kigoda, wala maziwa, wala mtu wa kukuuliza taratibu. Sasa chukua simu yako. Kile ulichokituma jana kwa ukoo, kifungue hapa mbele yangu, tukisome wote mpaka chini.