Kanda Zilizopakwa Kanku

Bernadetta akigombana na mtu anamaliza kabla chai haijapoa. Akigombana na lile kabati la kanda, siku nzima imekwenda. Mimi nakaa mapokezi, chumba chake kiko nyuma ya ukuta wangu, kwa hiyo nasikia yote. "Haya, nenda basi. Nenda! Siyo huko, we mjinga!" Mteja mgeni anadhani kuna mtoto anapigwa. Namwambia hapana mama, huyo ni fundi wetu anaongea na mashine, karibu ukae.

Studio yetu iko katikati ya mji wa Mwanza. Ilianza enzi za babu yake Pankaj, bosi wetu, kwa picha za pasipoti. Siku hizi tunarekodi harusi, kipaimara, mahafali na misiba. Na watu wetu mimi nawajua. Video wanaipenda wiki ya kwanza, wanaita majirani, wanarudisha nyuma pale walipocheza vizuri. Baada ya hapo CD anapewa mtoto aifanye gurudumu la kigari. Miaka inapita, wanakuja kwangu na nyuso za huruma: "Dada, ile yetu bado mnayo?" Pankaj hajui kumwambia mteja hapana, ndiyo maana akanunua lile kabati la kuhifadhia video zote, la mtumba, kutoka ofisi moja ya Dar iliyokuwa inafungwa.

Ni kabati la chuma, kimo cha friji kubwa. Ndani lina vijumba kushoto na kulia, kila kijumba na kanda yake, kaseti nyeusi inayoenea kiganjani. Katikati kuna mkono wa roboti unaopanda na kushuka kwenye reli. Kila kanda ina lebo ya karatasi mgongoni, yenye namba na mistari myeusi. Mkono unaimulika kwa kijitaa chekundu, unajua hii ni ipi, unaichomoa na kuipeleka chini kwenye draivu inayosoma yaliyomo. Draivu zilikuwa mbili. Moja ilikufa, na Pankaj anasema ataleta nyingine wiki ijayo. Wiki ijayo ya Pankaj sijawahi kuiona ikifika.

Bernadetta ni Mhaya wa Muleba. Baba yake alimsomesha kwa kahawa mpaka akapata diploma ya kompyuta, na nyumbani walishamwona benki, nyuma ya kioo, na kiyoyozi. Akaja kwetu kwa muda tu. Bado yuko kwa muda. Kila akienda kwenye usaili anaulizwa ana uzoefu wa nini, anataja kanda, wanaangaliana. Wenzake aliosoma nao wanaweka kila kitu huko kwenye mitandao, yeye yuko na mkono unaokwama relini kila joto likizidi. Siku moja aliniambia, "Tereza, hili kabati nimeolewa nalo bila kuulizwa." Hakuwa anatania. Alikuwa na machozi ya hasira, akajifanya anapenga kamasi.

Sasa, wiki ile baada ya Diwali, akaingia mwanamke mmoja anaitwa Ng'washi. Alivaa kitenge cheusi cha msiba. Aliniambia mumewe, Luhende, amefariki, arobaini imeisha juzi, na kesho asubuhi kuna kikao cha ukoo nyumbani kwake Ilemela. Ngosha, mdogo wake marehemu, anasema Ng'washi hakuolewa, alikuwa anakaa tu na kaka yao. Cheti hakuna, maana walioana kimila, kule Magu. Waliokuwepo wengine wamekufa, na waliobaki wanamwogopa Ngosha. Mwenyekiti wa kikao ni baba mkubwa anayeishi Tabora, ambaye hakuhudhuria harusi hiyo.

"Kikao kikisema mimi siyo mke, natoka kwenye ile nyumba na wanangu," alisema. "Nyinyi ndiyo mlirekodi. CD yetu watoto waliikwaruza zamani. Naomba mnitafutie."

Jambo dogo, nikafikiri. Nikampeleka kwa Bernadetta. Akaandika jina, kompyuta ikajibu vizuri kabisa: harusi ya Luhende na Ng'washi, Magu, iko kwenye kanda fulani. Akabonyeza. Tukasikia mkono unapanda. Ukasimama, ukamulika. Ukarudi nyuma, ukamulika tena. Ukahamia kijumba cha pili, nako hivyohivyo. Kompyuta ikaandika kwamba kanda hiyo haipo. Bernadetta akauliza nyingine. Haipo. Akauliza zote. Kabati likasema lina kanda tele lakini haliijui hata moja.

"Nani kagusa humu?" akauliza, akafungua mlango.

Kila lebo ilikuwa na doa jekundu, la kidole, lililokandamizwa kwa upendo katikati ya mistari. Nyingine lilichuruzika mpaka chini. Na punje za mchele zilikuwa zimelala kwenye sakafu ya kabati.

Mimi nilijua palepale. Familia ya Pankaj, kila Diwali, huweka vitabu vya hesabu vya duka mezani, wakaviombea na kuvipaka kanku, ule unga mwekundu wa ibada unaolowekwa kidogo, ili mwaka mpya uanze na baraka. Vitabu vya karatasi waliacha kutumia. Na Pankaj, kwa kujisifu, alishamwambia mama yake, Jasuben, kwamba siku hizi vitabu vyao vyote viko ndani ya lile kabati. Basi mama wa watu akaja Jumapili, Bernadetta akiwa kanisani, mwanawe akamfungulia. Akatoa kanda zote, akazipanga mezani na maua na mchele, akaziombea, akazipaka moja baada ya nyingine, akazirudisha. Akazirudisha popote alipoona nafasi.

Bernadetta alipanda ngazi kwenda nyumbani kwao, ghorofani, mimi nyuma yake nikijua leo kitanuka. Jasuben alikuwa anachambua dengu.

"Shikamoo mama," Bernadetta akasema, kwa sauti iliyobanwa.

"Marahaba mwanangu. Umeona? Zote nimepaka, hata ile ya kusafishia mashine. Hakuna niliyoacha."

Sijui kama umewahi kukasirika mpaka ukakosa mahali pa kuiweka hasira. Bernadetta alisimama pale mbele ya mwanamke wa umri wa bibi yake ambaye kila Krismasi humpa sari ya kushona mapazia. Akaeleza. Akaeleza tena polepole. Uso wa Jasuben ukaanza kunyauka.

"Mistari ile ndiyo macho yake?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimempofusha?"

Jasuben akaweka sinia la dengu chini, akashuka nasi.

Tukajaribu kufuta. Kitambaa chenye maji kiliondoa doa, na mistari ikaondoka nalo. Lebo ya pili ikachanika. Bernadetta akatupa kitambaa ukutani, akasema maneno ya Kihaya ambayo sikuyaelewa, na nashukuru.

Njia ilibaki moja. Kabati linakubali kuamriwa kwa namba ya kijumba: chukua kilichomo humu, peleka kwenye draivu. Kanda ikishaingia, mwanzoni mwake kuna jina lake lililorekodiwa, draivu inalisoma. Si hii? Itoe, lete inayofuata. Kila moja ni dakika kadhaa za kuvuta, kuzungusha na kutema. Na kila moja ilikuwa na unga.

Hapo Pankaj akatokea, anafuta miwani. "Hapana, hapana. Unga ukiingia draivu imekufa, na ni moja tu. Tungoje fundi wa Dar."

"Anakuja lini?"

"Wiki ijayo."

"Mama huyu kikao chake kesho asubuhi!"

"Bernadetta, draivu ikifa, nani atajibu? Wewe?"

Kibarua chote cha Bernadetta kilikuwa kimetajwa kwenye swali lile. Ng'washi alikuwa mlangoni, amesikia yote, ameshika ncha ya kitenge.

"Nitajibu mimi," akasema Jasuben. "Mimi ndiye nimeharibu. Nakaa hapa mpaka ipatikane. Pankaj, lete ile brashi yako ya kamera."

Wakaanza. Bernadetta anatoa kanda kwa mkono, yeye aliyetukataza sote kuzigusa. Jasuben anapuliza na kupiga brashi kingo zote. Bernadetta anairudisha kijumbani, anaamuru, mkono unachukua, tunangoja. Harusi ya Nyegezi. Mahafali. Kipaimara. Harusi ya watu ambao mimi najua walishaachana. Jina likitokea, Bernadetta anasema "Siyo", na kila "siyo" ilikuwa nzito kuliko iliyopita. Ng'washi akaacha kuinua kichwa.

Katikati ya kazi draivu ikawasha taa ya kudai kusafishwa. Mkono ungejiendea wenyewe kuchukua kanda ya kusafishia, lakini nayo ilishabarikiwa. Uzuri ina rangi nyingine, tukaiona kwa macho. Ikaingia, ikasafisha, ikatoka, taa ikazimika. Bernadetta akashusha pumzi kidogo.

Umeme ukakatika.

Betri ilishika kwa muda mfupi, ikaachia kabla Pankaj hajawasha jenereta. Na lile kabati lina ada yake. Likizimika na kuwaka linahesabu mali yake upya, kijumba kwa kijumba, na huwezi kulizuia. Mkono ukapanda juu kabisa. Ukamulika lebo nyekundu, haukuelewa, ukamulika tena, haukuelewa, ukajaribu mara nyingine kwa uaminifu mkubwa, ukahamia ya pili. Bernadetta aliweka paji la uso kwenye kioo cha mlango wa kabati akautazama.

"Nimechoka," alisema. Si kwa kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Nimechoka nalo, nimechoka na Pankaj, nimechoka na mji huu. Nilisoma ili nije kusubiri mkono kipofu umalize kupapasa."

Jasuben alimsogezea kikombe cha chai ya maziwa, naye akainywa kwa sababu alikuwa amefundishwa adabu.

Kabati lilipomaliza tukaendelea, na jua lilikuwa linaelekea kuzama ziwani jina lilipotokea. Bernadetta hakusema "siyo". Sote tukasimama. Akanakili video kwenye kompyuta yake ndogo, akaifungua mwanzo, akaifungua katikati. Ilikuwa nzima. Ng'washi alitaka kumpigia magoti, akamzuia kwa ukali. "Usinipigie magoti, mama. Kesho nakuja nayo mwenyewe. Sitaki mtu mwingine aiguse."

Asubuhi tukaenda, mimi na Bernadetta. Nyumba iko mlimani Ilemela, katikati ya mawe makubwa, mabati yake mekundu. Wanaume wa ukoo walikaa uani kwenye viti vya kukodi, baba mkubwa mbele na fimbo yake. Ng'washi alikuwa kwenye kigoda pembeni, na wanawe nyuma yake. Ngosha alikuwa amesimama anaongea, mtu mnene, shati limefungwa mpaka shingoni.

"Mimi simchukii," alikuwa anasema. "Ila ukweli ni ukweli. Ile ilikuwa sherehe tu. Watu walikula wali, wakacheza, wakaondoka. Hakuna mtu wa kwetu aliyempokea mwanamke huyu."

Baba mkubwa akatuita. Bernadetta akaweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaigeuza ili jua lisiizuie, akabonyeza. Wazee wakasogeza vichwa. Ikaanza kwa vumbi la gari, ngoma, watoto wanakimbia mbele ya kamera. Ngosha alitabasamu, akasema si ndiyo hayo, sherehe.

Halafu mlango wa nyumba ya Magu ukafunguka. Akatoka mama mmoja mwembamba, amejifunga kilemba cha bluu. Akamwendea bibi harusi taratibu, akamvika kitenge mabegani, akakifunga kwa mikono yake miwili, akakipigapiga kikae vizuri. Akamshika mkono, akaanza kumwingiza ndani. Vigelegele.

"Simamisha!" Ngosha alikuwa ameshafika karibu na ndoo.

"Sisimamishi kitu," Bernadetta akasema. Hasira yote ya jana ilikuwa bado ipo na ilikuwa imepata mtu. "Itaonekana mpaka mwisho. Mmeitaka, itazameni!"

"Dada, nakuomba. Simamisha." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Huyo ni mama. Alikufa kabla hata sijawa na simu. Sina picha yake hata moja."

Bernadetta akamtazama. Akabonyeza, picha ikasimama: yule mama mlangoni, anageuka nyuma kidogo, anacheka.

Baba mkubwa aliinamia kioo kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema. "Ndiye shemeji yangu. Na huyu aliyeshikwa mkono ni nani?"

Ngosha hakuyaondoa macho kwenye kioo. "Ni Ng'washi."

"Anamwingiza ndani kama nani yake?"

Ngosha alifuta uso kwa kiganja, wote, kuanzia paji mpaka kidevuni.

"Kama mkwe wake, baba."

Wazee wakaanza kunong'onezana. Ng'washi hakulia, wala hakupiga kigelegele. Aliinuka, akabeba kigoda chake, akakiweka mbele ya ile ndoo.

"Kaa hapa, shemeji," alimwambia Ngosha. "Utamwona vizuri."

Akakaa.