Shikamoo Kwenye Ukungu

Watu wanaisifu pikipiki yangu ya umeme kwa ukimya wake. Waache waisifu, si wao wanaoiendesha asubuhi kutoka Mnyambe kwenda kazini Newala mjini, ukungu ukiwa umeimeza mikorosho na njia yenyewe. Huku kwetu watembea kwa miguu hawageuki nyuma, wanasikiliza. Bodaboda ya petroli husikika toka mbali, nao hukaa pembeni. Mimi hawanisikii.

Honi niliiacha mapema. Ukimpigia mtu honi ghafla mgongoni, anaruka popote, hata mbele ya gurudumu. Lakini ukimsalimia atasimama aitikie, kwa sababu hakuna anayeipita shikamoo hivi hivi. Basi nikawa naendesha polepole huku napaza sauti kwenye weupe ule: "Shikamoo!" Wenye bodaboda wakanicheka. Wacheke.

Asubuhi moja nilipaza sauti kama kawaida, na "marahaba" ikatoka hapo hapo, mbele ya usukani. Nilikamata breki zote mbili, miguu ikaburuza mchangani, pikipiki ikasimama. Bibi mmoja alikuwa katikati ya njia, amenipa mgongo, ndoo ya maji kichwani. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto mchanga kwa kanga. Kioo cha taa yangu kilikuwa kimeigusa ile kanga.

Bibi hakugeuka, maana ndoo ilikuwa imejaa.

"Habari za nyumbani?" akaniuliza.

Nikairudisha pikipiki nyuma hadi taa ikaiachia kanga, ndipo nikajibu, "Njema, bibi."